Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Nyumba Salama, Malezi ya Watoto na Makazi

Ukurasa huu umeandikwa na watu wanaopokea simu za shirika letu, linalowahifadhi wanaokimbia ukatili wa nyumbani, kulea watoto wao na kuwasaidia kupata makazi. Maswali tumeyaacha jinsi yanavyotufikia, mengine kwa kunong'ona kutoka bafuni, mengine kwa hasira. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo jibu linapogusa mahakama, lichukue kama mwanzo wa mazungumzo na wakili au afisa ustawi wa jamii.

Simu yangu hukaguliwa. Ni salama kusoma hapa?

Kama kuna mtu anayejua nywila yako, au anayejua ulikokwenda kabla hujamwambia, chukulia kwamba anaona kila unachofungua. Tumia simu ya mtu unayemwamini au kompyuta ya kazini. Usifute historia yote ya kivinjari kwa mpigo mmoja. Simu iliyojaa jana na leo iko tupu humwambia mkaguzi kuwa kuna jambo, hivyo futa ukurasa huu peke yake. Ukigundua programu ya kukufuatilia, usikimbilie kuiondoa, maana ikitoweka atajua umeshtuka. Tupigie kwanza kwa simu nyingine tushauriane.

Hajawahi kunipiga. Haya ninayopitia ni ukatili kweli?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na anayeuliza huanza kwa kuomba radhi kwamba anatupotezea muda. Tunamsikiliza. Kidogo kidogo anasema kwamba mshahara wake unaingia kwenye akaunti ambayo yeye hajui namba ya siri. Akienda kwa dada yake anapigiwa simu kila baada ya dakika kumi. Na amejifunza kusikiliza mlango: ukifunguliwa hivi, leo kuna amani, ukifunguliwa vile, watoto wakimbilie chumbani.

Ndiyo, huo ni ukatili. Mwaka 1984, katika mji wa Duluth huko Minnesota, Marekani, mchoro wa gurudumu ulitengenezwa kutokana na masimulizi ya wanawake waliopigwa na wenzi wao. Katikati ya gurudumu yaliandikwa madaraka na udhibiti. Kwenye vijiti vyake vikawekwa vitisho, kutengwa na ndugu, kunyimwa fedha na kutumia watoto kama fimbo. Kipigo kiliwekwa kwenye ukingo wa nje, kama chuma kinachoshikilia vijiti vyote visiachane. Tunautumia mchoro huo hadi leo kwa sababu mtu akiuona huonyesha kwa kidole: hiki, hiki na hiki. Huko England na Wales, kumdhibiti mwenzi kwa namna hii kulifanywa kosa la jinai mwaka 2015, hata pasipo kofi hata moja.

Lazima niwe nimeamua kuondoka ndipo nipige?

Hapana. Wengi wanaotupigia hawaondoki wiki hiyo, wala mwezi huo, na hatumsukumi mtu. Siku za kuondoka, na miezi ya mwanzo baada ya hapo, ndicho kipindi cha hatari kubwa zaidi, kwa sababu mtesaji anaona mamlaka yake yanamponyoka. Ndiyo maana tunapenda kuondoka kuwe kumepangwa: saa ambayo hayupo, usafiri unaojulikana, nyaraka zilizokwisha kutoka nyumbani siku kadhaa kabla. Ila kama leo umetishiwa maisha, usisubiri mpango. Toka, halafu mengine tutayapanga ukiwa ndani ya nyumba salama.

Nikipiga mtaniuliza nini?

Kwanza, kama unaweza kuongea sasa hivi. Kama hapana, sema "umekosea namba" ukate.

Baada ya hapo tutakuuliza maswali yanayoweza kukushangaza. Amewahi kukukaba shingo? Ana silaha, au anaweza kuipata? Amewahi kusema atakuua, na wewe unaamini anaweza? Kipigo kimeongezeka mwaka huu? Una ujauzito? Anajaribu kujiua? Hatuulizi kwa udadisi. Muuguzi na mtafiti wa Marekani, Jacquelyn Campbell, alitunga orodha ya maswali ya namna hii katika miaka ya 1980 ili kupima hatari ya mwanamke kuuawa na mwenzi wake, na orodha hiyo inaokoa watu hadi leo.

Swali la kukabwa lina uzito wa pekee. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kuwa, miongoni mwa wanawake wanaoteswa, aliyewahi kukabwa na mwenzi wake yuko katika hatari ya kuuawa naye inayozidi mara saba ile ya asiyewahi kukabwa. Mara nyingi shingo haibaki na alama. Kama umekabwa siku za karibuni, hata kama unajiona mzima, nenda hospitali na uwaambie wazi kilichotokea, kwa sababu uvimbe au kuumia kwa mishipa ya damu kunaweza kujitokeza saa kadhaa au hata siku kadhaa baadaye. Sauti ikikukauka, ukipata shida ya kumeza, ukiumwa kichwa sana au ukihisi udhaifu upande mmoja wa mwili, hiyo ni dharura.

Nibebe nini?

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto kabla ya nguo. Kitambulisho chako, pasipoti kama ipo, kadi za kliniki, dawa, vyeti vya shule na vya kazi, karatasi zozote zenye jina lako zinazohusu nyumba, ardhi au mkopo. Funguo za akiba. Fedha taslimu, hata kidogo, kwani kadi ya benki huonyesha ulipoitumia. Kitu kimoja cha kila mtoto anachokipenda, na hapa usidharau mdoli aliyechanika sikio: ndio utakaomlaza usiku wa kwanza.

Kama kuweka mkoba tayari nyumbani ni hatari, uweke kwa mtu. Kama hata hilo haliwezekani, piga picha nyaraka zako umtumie unayemwamini, kisha uzifute kwenye simu. Na kama siku imefika na huna hata kimoja, njoo mikono mitupu. Nyaraka hutafutwa upya, kwa usumbufu, lakini hupatikana.

Nyumba salama iko wapi?

Hatusemi, na haitaandikwa hapa wala kwenye bango. Ukiwa umekubaliwa kuja, tutakutana mahali pengine kisha tukupeleke. Simu yako tutaikagua pamoja nawe ili tuzime huduma ya kuonyesha mahali ulipo, pamoja na za watoto. Kishikwambi cha mtoto wa miaka sita kinaweza kumleta baba mlangoni bila mtoto mwenyewe kujua alichofanya.

Watu hufikiri nyumba hizi zilibuniwa na wataalamu mezani. Ile iliyofunguliwa Chiswick, London, mwaka 1971, ambayo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa zinazojulikana, ilianza kama mahali pa akina mama kukutana na kuzungumza. Wakaanza kulala humo kwa sababu hawakuthubutu kurudi nyumbani.

Maisha ya ndani yakoje?

Utapewa chumba chako na watoto wako, na mlango unaofungika kwa ndani. Jiko, sebule na mahali pa kufulia ni vya wote. Hakuna wageni, hakuna pombe, na anwani haitajwi kwa mtu yeyote, hata mama yako mzazi. Sheria hii ya mwisho huwauma wengi. Mama hana nia mbaya, ila huyo mtu atamwendea akilia, na mama ataingiwa na huruma.

Hatutakudanganya kwamba ni raha. Familia kadhaa zilizojeruhiwa zikikaa chini ya paa moja, sufuria iliyoachwa bila kuoshwa inaweza kuzua ugomvi wa siku mbili. Usiku wa pili au wa tatu ndio mgumu, woga wa kwanza ukishatulia na upweke ukaingia. Watu wengi humpigia mtesaji usiku huo. Ukihisi hivyo, gonga mlango wa mhudumu wa zamu hata saa tisa usiku. Yuko macho kwa ajili hiyo.

Nina mwanangu wa kiume wa miaka kumi na minne. Mtampokea?

Tuulize kabla hujatoka nyumbani. Nyumba nyingi za wanawake huweka kikomo cha umri kwa watoto wa kiume, kwa kufikiria wakazi wengine wanaoshtuka wakisikia sauti nzito koridoni. Sisi tunaona kikomo hicho kikifuatwa bila kutazama mtu mwenyewe kinamuumiza kijana aliyekuwa akisimama kati ya baba na mama, halafu anaambiwa yeye ndiye wa kuogopwa. Penye nafasi ya chumba kilichojitenga, au nyumba nyingine ya shirika, tunaitafuta ili msitengane. Njia ikikosekana tutakwambia mapema, usije ukafika mlangoni ndipo usikie.

Kwa nini shirika la kuwahifadhi wanaokimbia ukatili lina kituo cha kulelea watoto?

Kwa sababu wanaorudi kwa watesaji wao mara nyingi hawarudi kwa mapenzi. Mama amepata kazi inayoanza saa moja asubuhi, mtoto ana miezi tisa, na hana wa kumwachia. Au ameitwa mahakamani saa nne na ana watoto watatu. Akikosa siku ile, kesi inaahirishwa. Akikosa tena, inaweza kufutwa. Baba yao anapiga simu: "Rudi, mama yangu atamshika mtoto." Ametoa ahadi nyingi za uongo maishani, ila hii ni ya kweli, na ndiyo inayomvuta mama.

Tumebishana sana na wafadhili juu ya hili. Vitanda hupigwa picha vizuri, mishahara ya walezi haipigwi. Kwetu sisi kitanda bila mlezi wa mchana kinampa mama pumziko la wiki chache, basi.

Watoto wangu watalelewa na nani, na nitajuaje wako salama?

Na walezi waliosomea malezi ya awali na waliochunguzwa rekodi zao kabla ya kuajiriwa. Mlezi mmoja hapewi kundi kubwa. Huko England, kwa mfano, kanuni za vituo ni mlezi mmoja kwa watoto wasiozidi watatu walio chini ya miaka miwili, na hata hao watatu wakilia kwa pamoja utamhurumia mlezi.

Mtoto hachukuliwi na mtu ambaye hukumwandika. Unapomsajili unaandika majina ya wanaoruhusiwa na kuchagua neno la siri. Akija babu, mjomba au mtu aliyevaa sare na kusema ametumwa, bila neno hilo mtoto haondoki. Kama kuna amri ya mahakama inayomzuia mtu kumkaribia mtoto, tupe nakala. Bila karatasi hiyo, katika nchi nyingi mzazi wa pili ana haki sawa na yako, na mikono yetu inafungwa kiasi.

Mwanangu amebadilika. Anakojoa kitandani, anapiga wenzake. Mtamfukuza?

Hapana. Mtoto wa miaka saba aliyeacha kukojoa kitandani zamani na sasa ameanza tena hana ukaidi. Mwili wake haujaamini bado kwamba usiku umekuwa shwari. Anayepiga wenzake anarudia alichokiona. Hao tunawazoea haraka. Anayetupa wasiwasi ni yule mpole kupita kiasi, wa miaka mitatu, asiyelia akianguka, asiyeomba kitu, anayetazama uso wa kila mtu mzima anayeingia chumbani ili ajue hali ya hewa. Walimu humsifu mtoto huyo. Sisi tunamkalisha karibu na mlezi mmoja yuleyule kila siku, kwa saa zilezile, michezo ileile, uji na usingizi kwa wakati uleule, mpaka siku atakapokataa kitu na kupiga kelele. Siku hiyo walezi hufurahi kupita kiasi, na mama hutushangaa.

Usimwambie mtoto kuwa mnakwenda kutembea. Mwambie kwa maneno ya umri wake: nyumbani hapakuwa salama, si kosa lako, tutalala mahali pengine, na mimi nipo.

Nikiwaambia yote, watoto wangu watachukuliwa?

Hofu hii huwafanya wengi wafiche mambo, na mara nyingi ni mtesaji aliyeipanda: "Ukisema, watakunyang'anya." Kukimbia na watoto ili wawe salama ni ushahidi kwamba unawalinda. Hata hivyo hatutakuficha: usiri wetu una mpaka. Tukijua mtoto anaumizwa au yuko katika hatari ya kuumizwa, katika nchi nyingi tunatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka, na tutafanya hivyo. Tutakwambia kabla ya kupiga simu hiyo, na tunapendelea tuipige ukiwa umekaa nasi, ili sauti yako isikike kwanza. Mengine yote unayotuambia hayatoki nje bila idhini yako, hata kwa polisi wakiuliza tu kama upo.

Kwa nini msimwite mume wangu mkatupatanisha?

Kwa sababu upatanisho unataka watu wawili wanaoweza kusema bila woga. Ukikaa naye mbele ya mshauri, utasema nini ukijua kwamba baada ya kikao mtapanda gari moja? Tumeona watu waliosema ukweli katika vikao vya familia, wazee wakatikisa kichwa, mume akaomba msamaha kwa unyenyekevu, kila mtu akala akaondoka, na usiku huohuo mke akalipia kila neno. Kama anataka kubadilika kwa dhati, ziko programu za wanaotesa, hudumu kwa miezi, na huko huenda peke yake bila kukutumia wewe kama cheti. Tunawaheshimu ndugu na viongozi wa dini wanaotaka ndoa ziimarike. Tunachowaomba ni wamsikilize mwanamke akiwa peke yake kwanza.

Nitakaa muda gani, na baada ya hapo?

Nyumba salama ni ya dharura, ya wiki au miezi michache. Baada ya hapo kuna makazi ya mpito, yaani nyumba au chumba unachokaa kwa kipindi kirefu zaidi kwa kodi ndogo huku ukijipanga, na mwisho nyumba ya kupanga kwa jina lako mwenyewe. Wengine huruka hatua ya katikati. Kuanzia 1992, huko New York, shirika lililoanzishwa na mwanasaikolojia Sam Tsemberis liliwapa watu waliolala mitaani nyumba moja kwa moja, bila kuwataka wathibitishe kwanza kuwa wako tayari, na wengi wao hawakurudi mitaani. Sisi tumejifunza kitu hapo. Mtu hufikiri vizuri zaidi juu ya kazi na kesi akiwa na ufunguo mfukoni.

Kinachokwama mara nyingi ni amana na kodi ya mwanzo, kisha historia ya madeni. Mtesaji hukopa kwa jina la mke, huacha kulipa kodi ya nyumba iliyoandikwa jina lake, na mwenye nyumba mpya akiuliza, anaonekana mdaiwa sugu. Tulete barua zote za madeni hata zile ulizoogopa kuzifungua. Mengine hupingwa, mengine hupangiwa malipo madogo. Tunaweza pia kuzungumza na mwenye nyumba na kumdhamini mpangaji kwa muda. Wenye nyumba si wabaya kama wanavyosemwa, wengi wanataka tu kujua nani atajibu simu bomba likipasuka.

Mimi sijapigwa na mtu. Nimeshindwa kodi tu na nina watoto. Naweza kuja?

Kwa huduma za makazi na malezi, ndiyo. Kwa nyumba salama, hapana, kwa sababu vyumba vyake ni vya waliofuatwa na mtu. Njoo mapema, ukiona tu notisi ya kuhama. Mtu aliye bado ndani ya nyumba ni rahisi kumsaidia kuliko ambaye vyombo vyake viko barabarani.

Mimi ni mwanaume na ndiye ninayeteswa.

Piga. Hatutacheka. Huenda tusikuweke katika nyumba ya wanawake, lakini ushauri, mpango wa usalama, msaada wa kisheria na pa kulala kwingine utapata.

Nikirudi kwake, mtanipokea tena?

Ndiyo, mara ya pili, na ya tano. Hatuulizi "tulikwambia?" Ukiamua kurudi, tuage ili tupange pamoja: neno la siri la kumwambia jirani, namba yetu uihifadhi kwa jina gani, nyaraka zibaki kwa nani.

Ni jirani au dada yangu. Nifanye nini?

Usimwambie "mwache tu." Mwambie unachokiona na kwamba unamwamini: "Nilisikia jana. Sikuhukumu. Mlango wangu uko wazi." Usimkabili mtesaji kwa niaba yake, kwani hasira hiyo itamwangukia yeye ukishaondoka. Ukisikia anapigwa sasa hivi, ita polisi. Ujue pia ishara ya mkono iliyoanzishwa Canada mwaka 2020, watu walipofungiwa ndani na korona: kiganja kinaelekezwa kwako, kidole gumba kinakunjwa ndani, kisha vidole vinne vinakifunika. Ukiona hiyo kwenye simu ya video, usimuulize kwa sauti. Tafuta njia nyingine ya kumfikia, kwa maswali ya ndiyo na hapana.

Naweza kuleta nguo za zamani?

Asante, lakini stoo imejaa. Tunachopungukiwa ni chupi mpya, pedi, nepi za saizi kubwa, sare za shule na vocha za simu. Mtu aliyekimbia bila kitu hujisikia mtu tena akivaa kitu ambacho hakijavaliwa na mwingine.

Nimesoma hadi hapa na bado sijui nianze kusema nini.

Sema "naomba kuongea na mtu." Ukikaa kimya, tutakaa nawe. Simu ikikatika hatutakupigia tena, kwa sababu hatujui nani ataipokea. Utapiga wewe, ukipata nafasi.